Magemu darasani: maswali ambayo walimu na wazazi huuliza mara kwa mara

Kila ninapokaa na walimu wenzangu kuzungumzia magemu darasani, maswali ni yaleyale, na mengi ni ya haki kabisa. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kama ninavyoyaona baada ya miaka kadhaa ya kulijaribu jambo hili na wanafunzi wangu. Majibu mengine yamekuwa marefu kwa sababu jambo lenyewe ni pana. Mengine sentensi chache zinatosha.

Tunaposema teknolojia ya michezo darasani, tunamaanisha nini hasa?

Vitu vitatu tofauti, na mabishano mengi hutokana na kuvichanganya. Kuna gemu lenyewe: mwanafunzi anaingia katika ulimwengu wenye kanuni zake, anaamua jambo, anaona matokeo ya uamuzi wake, anajaribu tena. Kuna vionjo vya mchezo vinavyotiwa kwenye somo la kawaida, yaani pointi, nishani, ngazi na orodha ya wanaoongoza. Hapa somo halijabadilika, limevishwa nguo nyingine tu. Na kuna wanafunzi kutengeneza gemu lao wenyewe, kazi ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayofanywa kwa nadra.

Jirani wa karibu wa hivi vitatu ni programu zinazoiga majaribio ya sayansi. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001, hutoa bure programu za namna hiyo kuhusu saketi za umeme, mawimbi, gesi na mengineyo. Hakuna adui wala pointi. Lakini mwanafunzi akiunganisha waya bila kuweka balbu katikati, betri inashika moto kwenye skrini, hakuna anayeungua, naye anataka kujua kwa nini. Programu hizi nazihesabu kuwa za ukoo huu bila kusita.

Huu si mtindo mpya tu ulioletwa na vishikwambi?

Hapana. Mfumo wa PLATO wa kufundishia kwa kompyuta ulianza Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1960. Logo, lugha ya kuandikia programu iliyotungwa kwa ajili ya watoto, ilitoka mwaka 1967 mikononi mwa Seymour Papert, Cynthia Solomon na Wally Feurzeig.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha mwaka 1971 katika jiji la Minneapolis, Marekani. Don Rawitsch, aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha historia, alitaka wanafunzi wa darasa la nane waelewe jinsi walowezi wa karne ya 19 walivyovuka bara lile kwa magari ya kukokotwa na maksai. Alikuwa akikaa nyumba moja na Bill Heinemann na Paul Dillenberger, ambao nao walikuwa wakisomea ualimu wa hisabati, na hao wawili wakamwandikia programu kwa muda wa wiki mbili hivi. Gemu hilo ndilo lililokuja kujulikana kama The Oregon Trail. Halikuwa na picha hata moja. Skrini yenyewe haikuwapo. Mashine ya kuchapa iliyounganishwa na kompyuta ya mbali kwa njia ya simu ilitoa maneno kwenye karatasi: hali ya chakula, hali ya njia, sasa utafanyaje? Mashine ilikuwa moja kwa darasa zima. Wanafunzi wakagawana kazi wenyewe: huyu anachapa, yule anafuatilia ramani, mwingine anatunza hesabu ya akiba. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado sijaona mpangilio bora kuliko huo kwa darasa lenye kifaa kimoja.

Wanafunzi hujifunza kweli, au wanafurahi tu?

Hili ndilo swali lenyewe, na linastahili jibu la kina.

Mwaka 2013 Pieter Wouters na wenzake wa Uholanzi walichambua kwa pamoja tafiti nyingi zilizolinganisha magemu ya kufundishia na ufundishaji wa kawaida. Walikuta waliotumia magemu walijifunza zaidi na kukumbuka kwa muda mrefu zaidi. Cha kushangaza, hawakuonekana kuwa na hamasa kubwa kuliko wenzao. Yaani lile tunalolitaja kwanza tunapoyatetea magemu, kwamba watoto watachangamka, ndilo lililokosa ushahidi wa kutosha. Faida iliongezeka pale gemu lilipoambatana na mafundisho mengine, lilipochezwa zaidi ya mara moja, na wanafunzi walipocheza kwa makundi. Uchambuzi mwingine mkubwa, wa Douglas Clark na wenzake mwaka 2016, nao uliona faida ya kiasi. Kiasi, si muujiza.

Sasa, kwa nini gemu moja lifundishe na lingine lipoteze muda? Hapa ndipo utafiti wa Jacob Habgood na Shaaron Ainsworth wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2011, ulinibadilisha fikra. Walitengeneza gemu la watoto la kugawanya namba, ambamo mchezaji anapambana na mifupa inayotembea yenye namba kifuani. Katika toleo la kwanza, silaha zenyewe ni vigawo: ili umshinde mwenye namba fulani lazima uchague silaha inayoigawa namba hiyo bila kubaki kitu. Katika toleo la pili mtoto anapigana tu, halafu hesabu zilezile zinamsubiri mwisho wa ngazi. Hesabu ni zilezile na michoro ni ileile. Waliocheza toleo la kwanza walijifunza zaidi. Na watoto walipoachiwa wachague wenyewe, walitumia muda zaidi ya mara saba kwenye lile toleo lenye hesabu ndani ya pambano. Hesabu haikuwafukuza. Kilichowachosha kilikuwa ile hesabu iliyobandikwa nje kama ushuru wa kulipia furaha.

Tangu hapo kipimo changu ni kimoja: kile anachokifanya mchezaji ili ashinde ndicho kiwe somo.

Hata kipimo hicho, hata hivyo, hakitoshi peke yake. Chukua DragonBox, gemu la aljebra lililotoka Norwei mwaka 2012. Mtoto anaanza na kadi za picha, anazisogeza huku na huku ili kisanduku kimoja kibaki peke yake, na kidogo kidogo picha zinageuka kuwa namba na herufi, mpaka anajikuta anatafuta thamani ya x bila hofu. Ni kazi ya ufundi mkubwa. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walipolilinganisha darasani na programu ya kawaida ya mazoezi ya milinganyo, wanafunzi walilifurahia zaidi gemu, ilhali kwenye mtihani wa karatasi wakafanya vizuri zaidi wale wa mazoezi. Ujuzi ulibaki ndani ya gemu. Kuutoa humo na kuuleta kwenye daftari ni kazi ya mwalimu, na nitaieleza zaidi kwenye swali la mpangilio wa kipindi.

Nitajuaje gemu lipi linafaa somo langu?

Licheze mwenyewe. Usitazame video ya tangazo wala usitosheke na maelezo ya mtengenezaji. Kaa nalo saa nzima, na kila baada ya dakika chache jiulize: akili yangu inafanya nini sasa hivi? Kama unapima, unalinganisha, unakadiria, unatafuta sababu, na hayo ndiyo mtaala unayoyataka, uko pazuri. Kama unagonga skrini kwa kasi ukingoja swali litokee, hilo ni zoezi la karatasi lililopakwa rangi.

Jaribu pia kushinda bila kujua somo. Bahatisha kwa makusudi. Magemu mengi yanayojiita ya elimu hukuruhusu ugonge majibu yote manne mpaka moja likubali, na wanafunzi hugundua mwanya huo kabla kengele haijalia. Na angalia gemu linafanya nini ukikosea. Lile linaloandika "umekosea" na kusonga mbele halijakufundisha kitu. Linalokuonyesha daraja ulilojenga likivunjika pale ulipopunguza nguzo, limekufundisha.

Mwisho, soma lugha yake. Kama maelekezo yako katika lugha ambayo wanafunzi wako wanaihangaikia, utadhani wameshindwa sayansi kumbe wameshindwa kusoma.

Vipi kuhusu chemshabongo za kwenye skrini, kama Kahoot!?

Zina nafasi yake. Kahoot! ilitoka Norwei mwaka 2013, ikitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha NTNU, na karibu kila mwalimu aliyewahi kushika projekta anaijua. Nguvu yake inatoka mahali ambapo watu hawapatazamii: kitendo cha kuvuta jibu kutoka kichwani huimarisha kumbukumbu kuliko kusoma tena ukurasa uleule. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilionyesha hilo vizuri mwaka 2006: waliojaribiwa walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliorudia kusoma tu.

Tatizo ni saa inayohesabu sekunde. Nilikuwa na darasa lililoshangilia kila Ijumaa, nami nikajisifu moyoni, mpaka siku moja nilipokaa nyuma na kuwatazama. Wanafunzi kadhaa walikuwa wakigonga rangi ya jibu kabla swali halijasomwa lote, wakifuata kidole cha jirani. Mmoja ambaye ninajua ni makini sana alikuwa wa mwisho kwenye orodha kwa sababu anapenda kusoma mara mbili. Nilijiona nimemkosea. Siku hizi naongeza muda, nawapa jibu moja kwa kundi la watatu, na baada ya kila swali lililowashinda wengi nasimamisha mchezo tuzungumze. Kelele zimepungua, na sauti ninazozisikia sasa ni za mabishano kuhusu jibu.

Pointi na nishani zina madhara?

Zinaweza kuwa nayo. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwachukua watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora na kuwaahidi baadhi yao cheti kizuri wakichora. Siku kadhaa baadaye, bila cheti tena, wale walioahidiwa walichora kwa muda mfupi karibu nusu ya wenzao. Zawadi iliyoahidiwa iligeuza mchezo kuwa kibarua. Wale waliopewa cheti kwa kushtukizwa, bila ahadi, hawakuathirika hivyo.

Kwa hiyo mimi sitoi pointi kwa jambo ambalo mwanafunzi tayari analifanya kwa kupenda. Kwa mazoezi makavu yanayohitaji kurudiwarudiwa, kama msamiati au majedwali ya kuzidisha, pointi kidogo hazina ubaya. Orodha ya wanaoongoza naiweka mbali kabisa na ukuta: anayeonekana wa mwisho kila wiki anajifunza kwamba nafasi yake ni ya mwisho. Afadhali kila mmoja ashindane na alama yake ya jana.

Nina kompyuta moja na wanafunzi wengi. Nifanyeje?

Wewe uko kwenye hali ileile ya Minneapolis ya mwaka 1971, na huko kulikwenda vizuri. Weka gemu kwenye projekta au skrini moja kubwa na ulifanye kuwa la darasa zima. Kabla ya kila hatua makundi yanapewa dakika mbili za kujadili, kila kundi linataja uamuzi wake na sababu, darasa linapiga kura, mmoja anabonyeza. Ninathubutu kusema njia hii mara nyingi inashinda kila mtoto kuwa na kifaa chake, kwa sababu hapa hakuna anayebonyeza kabla ya kutoa sababu.

Ukiwa na simu janja moja tu, kuna Plickers: kila mwanafunzi anashika kadi ya karatasi yenye alama yake, anaigeuza upande wa jibu analolichagua, nawe unapitisha kamera ya simu juu ya darasa na majibu yote yanasomwa. Mwanafunzi hahitaji kifaa chochote, na jirani hawezi kusoma jibu lake kwa urahisi.

Na usidharau michezo isiyotumia umeme kabisa. Mradi wa CS Unplugged, uliotokana na kazi ya Tim Bell na wenzake katika Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, unafundisha sayansi ya kompyuta kwa kadi, kamba na kutembea uwanjani. Watoto wanajipanga wenyewe kufuata kanuni ya kupanga namba kutoka ndogo hadi kubwa, na wanaielewa kwa miguu yao.

Intaneti haipo, au inakatika. Kuna njia?

Ipo. GCompris ni mkusanyiko wa bure wa michezo zaidi ya 100 ya watoto wa takriban miaka 2 hadi 10, na ukishauweka kwenye kompyuta hauhitaji mtandao. Scratch, programu ya watoto kutengenezea magemu yao wenyewe, ina toleo la kupakua. Programu nyingi za PhET zinaweza kupakuliwa pia. Kolibri ya shirika la Learning Equality imeundwa mahususi kwa mahali pasipo na intaneti: kompyuta moja inakuwa seva na vifaa vingine vinasoma kutoka kwake kwa mtandao wa ndani. Pakua kila kitu siku moja kabla, kisha zima mtandao na ujaribu. Programu nyingi husema zinafanya kazi bila intaneti, halafu zinadai uingie kwenye akaunti mbele ya darasa zima.

Kipindi changu ni dakika 40. Nitaupangaje muda?

Makosa ya wengi, na yangu ya miaka ya mwanzo, ni kuacha gemu limeze kipindi chote mpaka kengele. Wanafunzi wanatoka wakicheka, kesho yake ukiwauliza walijifunza nini wanakuambia walifika ngazi ya sita.

Mimi hutumia dakika tano za mwanzo kutoa swali moja la kuwinda. "Leo mtajenga mji. Angalieni kitu kimoja: nini kinatokea kwa watu mkiongeza viwanda karibu na makazi?" Bila swali, macho yanatangatanga. Kisha tunacheza dakika 15, si zaidi ya 20, wawiliwawili kwenye kifaa kimoja. Mmoja anashika kipanya, mwingine anashika kalamu na kuandika walichoamua na kilichotokea, halafu wanabadilishana. Nasimamisha wote kwa wakati mmoja, hata kama kuna anayelalamika kwamba anakaribia kushinda. Kumkatiza kunauma kidogo, nakiri, lakini anayekaribia kushinda ndiye mwenye mengi ya kusema.

Sehemu iliyobaki ndiyo moyo wa kipindi. Vifaa vinafungwa, skrini zinalala. Naanza na waliofeli: mji wenu uliangukaje? Wanaeleza kwa lugha ya gemu, "watu walihama, pesa zikaisha." Naandika maneno yao ubaoni upande wa kushoto. Kisha tunatafuta pamoja maneno ya somo: uhamaji, kodi, uchafuzi wa hewa, huduma za jamii, na tunayaandika kulia, mkabala na yale yao. Mstari ule kati ya kushoto na kulia ndio daraja ambalo wale wa DragonBox hawakuvushwa. Mwisho wanapewa tatizo lilelile kwenye karatasi, bila gemu, katika mji mwingine kabisa. Wakilitatua, najua wamevuka. Wakishindwa, ninajua la kufundisha kesho.

Kama muda ni mdogo sana, punguza mchezo. Mazungumzo yasiguswe.

Alama za gemu zinaweza kuingia kwenye matokeo ya mwanafunzi?

Ninashauri zisiingie. Uhuru wa kukosea bila adhabu ndio unaomfanya mchezaji ajaribu jambo la ajabu na kugundua. Ukiziingiza kwenye ripoti, atacheza kwa woga na atatafuta jibu kwa mwenzake. Mpime kwa alichokiandika na alichokieleza baada ya mchezo.

Minecraft ni ya nyumbani. Darasani inafanya nini?

Gemu hili kutoka Sweden lilianza kuonekana mwaka 2009 na kutoka rasmi mwaka 2011. Walimu walilichukua mapema, na toleo la shule, MinecraftEdu, likatengenezwa Finland. Microsoft iliinunua Mojang, kampuni iliyolitengeneza gemu hili, mwaka 2014 na kutoa toleo lake la elimu mwaka 2016.

Kinacholifaa darasa ni kitu rahisi: dunia yake imejengwa kwa matofali, na kila tofali huhesabiwa kuwa mita moja ya ujazo. Mwambie mwanafunzi ajenge tangi la mita 24 za ujazo, na aonyeshe maumbo yote yanayowezekana. Atapata 2 kwa 3 kwa 4, atapata 1 kwa 4 kwa 6, na atashangaa kwamba ujazo ni uleule ilhali matofali ya kufunika nje yanatofautiana. Pale eneo la nje na ujazo vinaachana mbele ya macho yake, jambo ambalo kuchora ubaoni hulieleza kwa shida. Ila usiwaache wajenge watakavyo bila kazi maalumu. Utapata majumba mazuri na hisabati sifuri.

Wanafunzi wadogo wanaweza kweli kutengeneza gemu?

Wanaweza. Scratch, iliyotolewa na MIT Media Lab mwaka 2007 chini ya Mitchel Resnick, ni ya bure na inalenga hasa umri wa miaka 8 hadi 16. Mtoto haandiki msimbo kwa herufi. Anaunganisha vipande vya amri vinavyoshikana kama matofali ya kuchezea. ScratchJr ya mwaka 2014 ni ya miaka 5 hadi 7 na haihitaji kujua kusoma.

Mwambie mwanafunzi wa darasa la sita atengeneze gemu la kuwafundisha wa darasa la tatu sehemu za namba. Ili atunge maswali lazima ajue makosa ambayo wadogo zake wataweza kuyafanya. Ili gemu limjibu aliyekosea, lazima aelewe kwa nini alikosea. Nimemwona mtoto aliyekuwa akipata alama za chini katika mada hiyo akikaa wiki mbili kurekebisha gemu lake kwa sababu mdogo mmoja alimwambia halieleweki. Mimi nilimwambia maneno kama hayo kwenye daftari lake mara nyingi, na hayakumfanya arudie kazi. Sikiliza pia wanachobishana wanapojaribu magemu ya wenzao. Hapo ndipo utasikia hisabati ikizungumzwa.

Magemu ya historia yanasema kweli?

Yanasema kwa sauti ya aliyeyatunga, kama kitabu chochote. Mwaka 2018 Ubisoft ilitoa ziara ya Misri ya kale kutoka kwenye gemu lake la Assassin's Creed, ikiondoa mapigano yote ili mtu atembee tu na kusikiliza maelezo. Majengo na mitaa yake inavutia mno, ila sehemu kubwa ni makadirio ya wachoraji walioshirikiana na wanahistoria. The Oregon Trail nayo imekosolewa kwa sababu mchezaji siku zote ni mlowezi. Wenyeji wa ardhi ile wanaonekana pembeni ya njia tu.

Usiyakimbie kwa hilo. Waulize wanafunzi: nani hana sauti humu? Kanuni gani ya gemu hili isingekuwa kweli maishani? Kwa nini kila mchezo wa kujenga dola unamzawadia anayepanuka? Mwanafunzi anayeweza kuikosoa kanuni ya mchezo ameshaanza kufikiri kama mwanahistoria.

Na mwanafunzi asiyependa magemu?

Yupo katika kila darasa, na si lazima awe msichana kama watu wanavyodhani. Mpe kazi ya mwandishi wa kumbukumbu, mchambuzi au mwamuzi. Angalia pia wale wazoefu wasimnyang'anye kipanya kila anayesitasita.

Mtoto wangu atapata uraibu?

Hofu ya mzazi naiheshimu. Shirika la Afya Duniani limeuweka ugonjwa wa uraibu wa michezo ya kidijitali katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022. Lakini soma vigezo vyake: mtu ameshindwa kujizuia, mchezo umetangulia mambo mengine yote ya maisha, anaendelea licha ya madhara, na kwa kawaida hali hiyo imedumu angalau miezi 12. Dakika 15 darasani zenye swali, kalamu na mazungumzo haziko kwenye kundi hilo.

Ninachowaomba wazazi ni kutofautisha. Magemu mengi ya kwenye simu yameundwa yasiishe, yakitoa zawadi za kubahatisha na kudai pesa kila hatua. Gemu la darasani linalofaa lina mwisho, na halina duka ndani yake. Mzazi akiniuliza acheze lipi nyumbani, namwambia aanze kwa kutazama kama lina mwisho.

Wanafunzi wenye ulemavu watashiriki vipi?

Panga kabla, usingoje mtu akwame. Takriban mwanamume 1 kati ya 12 ana shida ya kutofautisha baadhi ya rangi, mara nyingi nyekundu na kijani, kwa hiyo gemu linalotegemea rangi pekee litamwacha mtu nje. Tafuta lenye maumbo au herufi pia. Asiyesikia anahitaji maandishi. Asiyeona anaweza kushiriki vizuri katika magemu ya sauti au ya maandishi yanayosomwa na programu ya kusoma skrini, na katika mtindo wa darasa zima huwa ni mjadili hodari. Mwenye mikono isiyo na nguvu anahitaji gemu ambalo kasi inaweza kuzimwa.

Mwanga unaomwekamweka usiuchukulie kwa wepesi. Desemba 1997 nchini Japani, tukio moja la katuni ya Pokémon lenye kumwekamweka kwa rangi nyekundu na buluu lilisababisha watoto zaidi ya 600 kupelekwa hospitalini. Miongozo ya kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu inataka kitu kisimweke zaidi ya mara tatu kwa sekunde. Uliza wazazi mapema kama kuna mtoto mwenye kifafa.

Taarifa za wanafunzi wangu zinakwenda wapi?

Swali ambalo huulizwa baadaye mno. Gemu linaweza kukusanya jina, picha, sauti, mahali mtoto alipo na kila anachogonga. Marekani ina sheria ya mwaka 1998, COPPA, inayodai ridhaa ya mzazi kwa watoto wa chini ya miaka 13. Kanuni ya Umoja wa Ulaya, GDPR, inayotumika tangu mwaka 2018, inaweka miaka 16 na kuziruhusu nchi kushusha hadi 13. Soma sheria ya nchi yako, kisha ufuate desturi salama: majina ya kubuni, hakuna picha, akaunti moja ya mwalimu inapowezekana, gumzo na wageni limezimwa. Kama huoni mtengenezaji anapata wapi pesa zake, huenda matangazo au taarifa za watoto ndizo zinazomlipa.

Miwani ya uhalisia pepe, ile inayomfanya mtu ajione yuko ndani ya picha?

Ni nzuri kwa kuona kisichofikika, kama ndani ya seli au chini ya bahari, kwa dakika chache. Wengine hushikwa na kizunguzungu, na watengenezaji huweka umri wa chini ambao lazima uheshimiwe. Kama bajeti ni ndogo, ningeanza na projekta.

Gemu litachukua nafasi ya mwalimu?

Jaribio kubwa zaidi ninalolijua lilifanyika Tanzania, mkoani Tanga, kwenye shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 2,700 katika vijiji takriban 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, na kuachiwa wajifunze kwa miezi 15 hivi. Wengi hawakuwahi kwenda shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma neno hata moja. Mwishoni idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa karibu nusu. Mwaka 2019 timu mbili zilizotengeneza programu hizo, Kitkit School na onebillion, ziligawana tuzo ya shindano.

Nimeyasoma matokeo hayo mara nyingi kwa pande mbili. Mtoto aliyekuwa hana shule alisoma neno lake la kwanza, na hilo ni kubwa. Hakuna mwalimu mwenye moyo atakayelibeza. Na bado karibu nusu walibaki hawajasoma neno. Kifaa hakikuweza kuona mtoto fulani amenyamaza, kikamuuliza kulikoni.

Mimi sijui kucheza. Nianzie wapi?

Waambie wanafunzi wazi kwamba hujui, na mmoja wao akufundishe mbele ya darasa. Atalazimika kueleza kila hatua kwa maneno, na wewe utauliza maswali ya kweli. Chagua mada moja tu, ile ambayo kila mwaka inawashinda wengi hata ukiifundisha mara ngapi. Tafuta gemu moja au programu moja ya kuiga inayoigusa mada hiyo, icheze mwenyewe jioni, andika swali moja la kuwinda, na ujiwekee nusu ya kipindi kwa mazungumzo.